Mjomba alidhani ni asubuhi

Picha ya kwanza ya jua niliyopiga Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, nilimtumia mjomba wangu anayeishi Dar es Salaam. Niliipenda mno. Jua jekundu katikati, maji chini, mbingu juu, basi. Nikakaa na simu mkononi kungoja sifa. Akajibu: "Hongera mpwa wangu. Siku hizi unaamka mapema!"

Mjomba hakukosea. Mtu wa pwani akiona jua juu ya maji anajua ni alfajiri, maana bahari yao iko mashariki na jua huchomoza humo. Ziwa letu liko magharibi. Jua la Kigoma huchomoza nyuma ya vilima vya mji, linatupita juu, halafu linakwenda kuzama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo. Kwetu jua likiwa juu ya maji ni jioni: wavuvi wanapakia taa, akina mama wanakusanya dagaa waliowaanika, watoto wanaogelea mara ya mwisho kabla hawajaitwa nyumbani. Niliyaona yote hayo wakati nabonyeza kitufe, ndiyo maana niliona picha imejaa. Kumbe yalibaki machoni mwangu. Kwenye picha kulikuwa na duara na mstari, na duara na mstari vinaweza kuwa asubuhi ya Bagamoyo au jioni ya Musoma.

Jibu lile lilinikaa. Tangu siku hiyo, kila nikisimama ufukweni najiuliza jambo moja: mtu ambaye hajawahi kufika hapa atajuaje kwamba hii ni jioni, tena jioni ya Kigoma?

Riziki yangu inatoka kwenye picha za pasipoti, mahafali na harusi. Nina chumba kidogo eneo la Mwanga, hapa mjini, chenye pazia jeupe, pazia la bluu na viti viwili. Ziwani nakwenda kwa mapenzi, na nakwenda zaidi wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Mvua zimekatika, jioni hazina mashaka, na baridi yetu si ya kugandisha maji, ni ya sweta asubuhi na kanga mabegani jioni. Mwanzoni sikuwa na wa kunifundisha, nikawa nasoma mafunzo ya intaneti. Mengi yameandikwa na watu wa nchi za theluji, na yanasema kweli, ila kweli ya kwao. Chukua mji kama Helsinki: mwezi wa Desemba, saa sita mchana, jua halifiki hata urefu wa ngumi moja juu ya upeo wa macho, ngumi ya mkono ulionyooshwa. Mpiga picha wa huko ana mwanga wa pembeni, mwanga laini wa dhahabu, kuanzia jua linapotoka hadi linapoingia. Anaweza kupanga mawe, kubadili lenzi, kunywa kahawa. Kwetu, hata katikati ya Juni, jua la mchana liko juu kabisa, linafika ngumi sita na zaidi kutoka ardhini. Mwanga wa pembeni tunaupata kidogo asubuhi na kidogo jioni, na ule wa juu ya maji ni wa jioni tu.

Kuna kanuni moja niliyoisoma huko: nyoosha mkono, panga vidole vinne kati ya jua na upeo, hiyo ni saa nzima iliyobaki. Niliiamini. Jioni moja nikapima vidole vinne, nikaona nina muda, nikapanda hadi barabarani kumsalimia rafiki. Niliporudi jua lilikuwa limekwenda. Nilihuzunika kwa sababu kulikuwa na mitumbwi mitatu imepangana vizuri, na sijaiona tena imekaa hivyo. Wiki iliyofuata nilikaa na saa, jioni baada ya jioni, nikapima. Vidole vinne kwetu ni nusu saa na dakika chache tu. Sababu yake niliielewa baadaye. Sisi tuko karibu na ikweta, digrii tano hivi kusini yake, na jua letu linashuka karibu wima, kama ndoo kisimani. Kule kaskazini linashuka kwa mshazari, linaserereka kandokando ya upeo, ndiyo maana linachelewa. Tangu ukingo wake wa chini uguse hadi ukingo wa juu upotee, hapa ni kama dakika mbili na nusu. Na kwa upande wetu kidole cha mwisho si cha kukitegemea, kwa kuwa milima ya Kongo inalimeza jua kabla halijafika usawa wa maji. Siku hizi jua likiwa vidole vinane nataka miguu yangu iwe imeshasimama nilipopachagua.

Kwa saa za mkononi, katikati ya Julai jua la Kigoma linazama saa moja na dakika chache. Dar linakuwa limezama tangu saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Nchi moja, saa ileile ya ukutani, lakini sisi tuko mbali magharibi. Mjomba akinipigia kwake wameshawasha taa, nami bado nakunja macho kwa mwanga.

Sasa nije kwenye lile ambalo, kama ningelijua mwaka wa kwanza, lingeniokolea mamia ya picha.

Pale Kibirizi yupo babu mmoja aliyeacha kuvua, sasa anashona nyavu za wenzake. Anakaa juu ya boya la zamani, wavu mapajani, sindano ya mti mkononi. Namwamkia kila nikifika, ananiitikia "marahaba mjukuu wangu", kisha anaendelea na kazi yake. Jioni moja aliniona nimesimama muda mrefu bila kupiga. Kulikuwa na ile njia ya mwanga ambayo jua huitandika juu ya maji, na kushoto kwake mtumbwi mmoja, mzuri sana, umekaa gizani. Nilikuwa nangoja uingie kwenye mwanga.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Nangoja mtumbwi uingie kwenye mkeka wa jua, babu."

"Ule umetia nanga. Hauji." Akavuta uzi, akakata kwa meno. "Mkeka wenyewe si wa ziwa, ni wako. Ukienda huko unakufuata. Sogea wewe."

Nikasogea kushoto hatua kama ishirini, na mkeka ukasogea nami, hatua kwa hatua, mpaka ukapita chini ya mtumbwi ule. Ubavu wake mweusi ukazungukwa na dhahabu pande zote. Nilirudi kulia, mtumbwi ukabaki gizani. Nikaenda kushoto tena, ukawaka. Nilikuwa nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote na sikuwahi kulitambua jambo hilo.

Ni jambo rahisi ukilifikiria. Mwanga unaouona juu ya maji ni ule unaoakisiwa kuja kwenye jicho lako wewe. Aliyesimama mita mia kutoka ulipo anauona mkeka wake mwingine, na wako haupo machoni mwake. Kwa hiyo kila chombo ziwani kiko kwenye mwanga wa mtu fulani, na kazi ya mpiga picha ni kwenda kusimama pale alipo mtu huyo. Chombo kikiwa kushoto mwa mkeka, nenda kushoto. Kikiwa kulia, nenda kulia. Cha karibu kitahitaji hatua tatu au nne, cha mbali kinaweza kukutembeza ufukwe mzima, na hapo ndipo vidole vinane vinapokufaa.

Umbo la mkeka nalo linasema. Maji yakitulia kabisa jua linajiona kama kwenye kioo, duara chini ya duara, na mkeka unakuwa mfupi. Upepo ukikwangua maji kidogo, kila kiwimbi kinageuka kioo kidogo chenye mwelekeo wake, na mkeka unarefuka hadi miguuni pako. Mimi napenda maji yenye mikwaruzo. Maji ya kioo ni mazuri lakini hayasemi kitu kuhusu upepo, na jioni ya kipupwe bila upepo si jioni ninayoijua.

Baada ya kujua kwenda kushoto na kulia nikaanza kujifunza kwenda juu na chini. Upeo wa macho unapanda na kushuka na macho yako. Nikichuchumaa mpaka kamera ikakaribia kugusa maji, mtumbwi unachomoza juu ya mstari wa upeo, na kichwa cha mvuvi kinaingia mbinguni. Nikipanda kwenye kingo za juu, mtumbwi wote unashuka ndani ya maji, umezungukwa na mwanga, na mbingu inabaki peke yake. Hakuna lililo bora kuliko jingine. Lakini ukisimama tu kwa urefu wako bila kuamua, mstari wa upeo utamkata mvuvi shingoni, na nimewakata shingo wavuvi wengi kabla sijalijua hilo.

Ukipiga kuelekea jua, watu wanakuwa weusi tii. Sura hazipo, nguo hazipo, linabaki umbo, na umbo likigusana na umbo jingine yote mawili yanakufa. Nakumbuka wavuvi wawili, mmoja amesimama na upondo, mwingine ameinama anapanga wavu. Nilichokiona kwenye kioo cha kamera ni bonge jeusi lenye fimbo. Nikashikilia kamera. Aliyeinama akainuka kidogo, akanyoosha mkono kuchukua kitu mbele yake, na kati ya kwapa lake na kiuno pakafunguka pembetatu ndogo ya mwanga, ndogo kama ukucha. Nikabonyeza. Kwa ajili ya pembetatu ile bonge liligeuka watu wawili, mmoja anafanya kazi na mwingine anamwangalia. Siku hizi nikiwa naangalia watu mbele ya jua siwaangalii watu wenyewe, natafuta matundu ya mwanga kati yao.

Ukubwa wa jua pia ulinisumbua. Kwa macho jua la Kigoma ni kubwa kama sinia, kwenye picha ya simu linakuwa punje. Ukweli ni kwamba jua linachukua kama nusu digrii tu ya mbingu, na lenzi ya milimita 50 inalichora kwa upana wa nusu milimita hivi ndani ya kamera. Lenzi ya milimita 200 inalifikisha karibu milimita mbili. Hapo kuna hila nzuri: ukirudi nyuma, mtu au mtumbwi unapungua, lakini jua halipungui, maana mita mia zako si kitu kwake. Mtu mzima aliyesimama karibu mita 200 kutoka kwako ana urefu sawa na duara la jua. Kwa hiyo ukitaka jua kubwa nyuma ya mvuvi usimkaribie. Mwache mbali, wewe rudi nyuma, vuta kwa lenzi ndefu.

Ndiyo maana wageni wanaotaka picha ya Liemba na jua kubwa nyuma yake wanahangaika. Meli ile, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927, ina urefu wa mita sabini hivi. Kwa karibu inalifunika jua kama jamvi linavyofunika sahani. Ili vilingane ungelazimika kuwa karibu kilomita nane kutoka kwenye meli. Mimi nikiwa bandarini jua naliacha lijifiche nyuma ya bomba la moshi, mwanga utoke pembeni tu, inatosha.

Na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Usilitazame jua kupitia tundu la kamera yenye lenzi ndefu. Tumia kioo cha nyuma ya kamera. Mimi nililitazama jioni moja likiwa bado kali, nikakaa na doa la kijani jichoni mpaka nikalala nalo. Niliogopa sana, na macho ndiyo mtaji wangu.

Julai na Agosti moshi unakuja. Mashamba yanachomwa, mapori yanaungua, upande wetu na upande wa pili, na ziwa linajaa utusitusi. Milima ya Kongo, ambayo baada ya mvua za masika unaweza kuhesabu mikunjo yake, inapotea kabisa, usingejua kama kuna nchi ng'ambo. Moshi ule unachuja rangi ya bluu na kuacha nyekundu, ndiyo sababu jua la kipupwe ni jekundu vile. Mwaka wa kwanza nilikuwa nangoja liguse maji ndipo nipige. Halikugusa. Lilififia likiwa bado juu, likawa kama kovu, kisha hapakuwa na kitu. Jua la moshi halizami, linapotea njiani, na wa kungoja mwisho anakosa vyote.

Moshi umenifundisha pia kuacha nafasi tupu. Mbingu na maji vinakuwa rangi moja, hakuna mstari, na ukijaza picha unaiharibu. Chombo kimoja kidogo, jua, na kijivu chekundu kote kote. Lakini kile chombo lazima kiwepo, kwa sababu bila mstari wa upeo jicho halina pa kukanyaga. Halafu punguza mwanga. Kwenye simu unagusa kioo pale penye mbingu na kushusha kidole mpaka picha iwe nyeusi kuliko unavyopenda. Nyekundu ikizidiwa na mwanga inageuka njano, njano inageuka nyeupe, na nyeupe hairudi tena nyumbani hata uihangaikie vipi kwenye programu.

Picha moja ya moshi niliipeleka kusafishwa kwenye duka fulani. Mashine yao ikaona giza, ikadhani ni kosa, ikaongeza mwanga yenyewe: mvuvi wangu mweusi akatoka wa kijivu, na ukingo wa kushoto ulikatwa pamoja na ncha ya mtumbwi. Niliyempelekea zawadi hiyo ni shangazi, na aliipokea kwa furaha, lakini mimi nilijua kilichokosekana. Sasa naacha nafasi pembeni kila mara, na nikipeleka kusafisha nasema wazi: msiiguse, ni nyeusi makusudi.

Jua pia halizami mahali pamoja mwaka mzima. Kila mtu anajua hivyo, lakini kujua na kupima ni mambo mawili. Juni 21 nikiwa Kibirizi linazama mbali kulia, kaskazini ya magharibi. Mwishoni mwa Desemba limehama ngumi karibu tano kwenda kushoto, kuelekea upande wa Bangwe. Ngumi tano ni nyingi. Mwamba uliokuwa chini ya jua mwezi wa saba hauna maana mwezi wa kumi na mbili. Nina daftari. Nimechora ufukwe na kuandika tarehe: hapa jua linaangukia kati ya miti miwili, hapa linaangukia kwenye mdomo wa ghuba. Ujiji nina ukurasa wake, Katonga nina wake.

Daftari hilohilo lina safu ya mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, na taa inavuta dagaa usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikiwaka dagaa wanatawanyika, taa haina nguvu, na wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa. Nilichukua muda kuelewa kwa nini wiki moja nakuta vyombo thelathini vinatoka jua likizama, na wiki nyingine ziwa ni tupu. Niliuliza nikajibiwa kwa mshangao, "Dada, si kuna mwezi?" Tangu hapo sipangi picha ya jua bila kutazama mwezi. Siku za giza, dakika ishirini kabla ya jua kuzama vyombo vinaanza kutoka, na vinatoka kuelekea mwangani. Siku za mwezi sitegemei vyombo, nategemea mtu anayefua, mbwa, kamba iliyofungwa, kitu chochote kilichobaki nchi kavu.

Sikujua kwamba kungekuja kipupwe kizima cha namna hiyo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Ndiyo miezi yangu yote. Nilielewa sababu, na babu wa nyavu alikuwa wa kwanza kusema ziwa limechoka. Lakini kuelewa hakukuzuia moyo kuuma. Majirani zangu wanaishi kwa dagaa. Akina mama waliozoea kuondoka na madebe waliketi ufukweni wakisukana nywele. Nami nilikuja na kamera, nikatazama maji, hakuna chochote cha kusogelea. Jua lilitandika mkeka wake kila jioni, mkeka ukaja mpaka miguuni pangu, na hapakuwa na mgeni wa kukalia.

Wiki mbili za kwanza sikupiga kitu. Nilikwenda, nikakaa na babu, nikarudi. Halafu nikaanza kuona kilichokuwepo. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, limemeza sehemu ya ufukwe nilioujua, na kulikuwa na mti umesimama ndani ya maji, umekufa, matawi wazi. Nilizunguka mpaka jua likakaa kwenye panda la tawi. Ilikuwa picha nzuri, lakini miti ya hivyo ipo maziwa mengi. Nikapiga vyombo vilivyopinduliwa mchangani, matumbo juu, kama mamba wanaoota jua. Hiyo ilikuwa karibu zaidi.

Ziwa lilipofunguliwa katikati ya Agosti nilitaka kukimbilia ufukweni jioni hiyohiyo. Wavuvi ndio walionituliza: mwezi ulikuwa unakwenda kujaa, ulijaa tarehe 19, na msururu wa kweli ungeonekana giza likirudi. Ukaonekana kweli, mwishoni mwa mwezi, na picha za jioni zile ninazo, watu huzipenda.

Lakini picha ninayoipenda mimi ni ya Julai, ziwa likiwa limefungwa. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya vichanja vya kuanikia dagaa. Siku za kazi huwezi kukaa hapo, dagaa wamejaa juu yako kama paa na harufu imekuzunguka. Jioni ile vilikuwa vitupu. Niliangalia juu nikaona wavu wa kichanja, mashimo madogo madogo, na kwa chini, kati ya miti miwili ya kichanja, jua jekundu la moshi na mkeka wake. Nikashuka zaidi, kiwiko kikawa mchangani, mpaka wavu ukakata sehemu ya juu ya mbingu na vipande vya mwanga vikaingia kwenye matundu. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na magamba machache makavu yaliyonasa kwenye nyuzi tangu Mei, na jua lilipopita nyuma yake yakawa meupe, moja moja, kama chumvi. Nilipiga mara tatu. Ya pili ndiyo yenyewe.

Kesho yake jioni nikamtumia mjomba, bila maneno. Alikaa kimya muda, nikadhani hakuipenda. Kisha ikaingia sauti yake kwenye simu: "We mtoto, jioni yote hiyo, mbona vichanja vitupu? Dagaa wamekwenda wapi?"

Nikampigia kumweleza. Kwake giza lilikuwa limeshaingia, nilisikia watu wakila. Kwangu jua lilikuwa bado vidole viwili juu ya mahali milima ilipo.